Mkanda wa usalama katika matatu: Sheria inavyomtaka mwenye gari, dereva na abiria

ABIRIA wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, awe anatoka Kayole, Dandora, Umoja au Buruburu, huketi karibu na mkanda wa usalama angalau mara mbili kwa siku. Wengi huukalia. Wengine huusukuma kando usije ukachafua nguo za kazini. Wachache huufunga, na mara nyingi ni pale tu utingo anapopaza sauti kwamba kuna kizuizi cha polisi mbele.

Hata hivyo, ukanda huo wa kitambaa umebeba historia ndefu ya sheria, mgomo, hasara na vifo. Makala haya yanaeleza sheria inavyosema kuhusu uwekaji wa mikanda katika magari, ni nani anayewajibika, na kwa nini mkanda uliowekwa vibaya unaweza kuwa sawa na kutokuwa na mkanda wowote.

Chimbuko la kanuni

Matatu zilianza kama magari ya wizi wa njia, zikiwabeba wakazi wa mashariki mwa jiji kwa nauli ya senti thelathini, yaani mapeni matatu, ambayo ndiyo asili ya jina lenyewe. Mnamo 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu kuhudumu bila leseni maalumu ya uchukuzi. Ilipofika 1984, Bunge lilirekebisha Sheria ya Trafiki, ambayo ni Sura ya 403 ya Sheria za Kenya, na kuzitambua rasmi kuwa magari ya uchukuzi wa umma.

Kutambuliwa huko hakukuleta usalama. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa kawaida kwa gari dogo la abiria kujazwa watu 18 au zaidi, wengine wakiwa wamejikunja mlangoni na wengine wakining'inia nje. Viti vilikuwa mbao na mabomba yaliyochomelewa. Mkanda, kama ulikuwapo, ulikuwa wa dereva na wa yule aliyeketi kando yake.

Hali hiyo ilibadilika baada ya serikali ya NARC kuingia madarakani na marehemu John Michuki kuteuliwa Waziri wa Uchukuzi na Mawasiliano. Mnamo Oktoba 2003 wizara yake ilichapisha Tangazo la Kisheria Nambari 161, lililorekebisha kanuni za trafiki. Wananchi waliziita Sheria za Michuki, na jina hilo limebaki hadi leo ingawa mwenyewe alifariki Februari 2012.

Kanuni hizo ziliamuru magari ya uchukuzi wa umma yawekewe vidhibiti mwendo visivyoruhusu kasi ya zaidi ya kilomita 80 kwa saa, yapakwe mstari wa manjano, na yabandike picha ya dereva mahali pa kuonekana. Madereva na utingo walitakiwa kuvaa sare na kuwa na cheti cha polisi cha tabia njema. Matatu ndogo, ambazo wengi huziita "Nissan" hata zikiwa ni Toyota, zilipunguziwa abiria hadi 14. Na kila kiti, cha mbele na cha nyuma, kilitakiwa kuwa na mkanda wa usalama.

Makataa yalikuwa Januari 31, 2004. Kuanzia Februari 1 mwaka huo, maelfu ya magari ambayo hayakuwa yametimiza masharti yaliondolewa barabarani au yalijiondoa yenyewe. Wakazi wa Eastlands walitembea kwa miguu kwenye Barabara ya Jogoo na Barabara ya Juja kuelekea mjini, huku wenye magari wakipanga foleni madukani na katika karakana kutafuta mikanda na vidhibiti mwendo.

Msukosuko kama huo ulirudi Novemba 12, 2018, pale Waziri wa Usalama wa Ndani, Dkt Fred Matiang'i, na mwenzake wa Uchukuzi, Bw James Macharia, walipoagiza kanuni zile zile zitekelezwe upya. Nauli zilipanda na watu wakatembea tena. Ulikuwa ushahidi kwamba katika miaka 14 iliyotangulia, utekelezaji ulikuwa umelegea ingawa sheria haikuwa imefutwa.

Wajibu wa kila mmoja

Ni kosa kudhani kwamba sheria ya mikanda inamhusu abiria peke yake. Inagawa wajibu katika mafungu matatu, na kila fungu lina mwenyewe.

Wajibu wa kwanza ni wa kuweka. Mwenye gari au anayeliendesha kibiashara ndiye anayepaswa kuhakikisha kwamba kila kiti kina mkanda wa aina iliyokubaliwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS. Mkanda wa kushonwa kwa fundi viatu, au wa turubai uliofungwa fundo chini ya kiti, hauhesabiki. Kwa mujibu wa kanuni za makosa madogo ya trafiki zilizochapishwa mwaka 2016, faini ya gari la abiria lisilo na mikanda ni Sh1,000 kwa kila kiti. Hivyo basi, matatu ya abiria 14 isiyo na mkanda hata mmoja inaweza kumgharimu mwenyewe Sh14,000 kwa viti vya abiria pekee.

Wajibu wa pili ni wa kutunza. Sheria haikutosheka na mkanda kuwapo. Inataka uwe safi, mkavu na katika hali ya kuweza kuvaliwa. Sharti hili ni la maana kuliko linavyoonekana. Tangu mwaka 2004 malalamiko makubwa ya abiria yamekuwa kwamba mikanda imeshika mafuta, jasho na vumbi, na kwamba inaacha alama kwenye mashati. Wengine wamehofia kuambukizwa magonjwa ya ngozi. Abiria anayelalamika hivyo haombi hisani. Anadai haki aliyopewa na sheria, na anayepaswa kujibu ni mwenye gari.

Wajibu wa tatu ni wa kufunga, na huu ndio wa abiria na dereva. Yeyote aliye ndani ya gari linalokwenda, lenye mkanda katika kiti chake, anapaswa kuufunga. Faini iliyowekwa ni Sh500. Haitofautishi safari ya kwenda Kisumu na safari ya kutoka Muthurwa hadi Makadara.

Mafungu haya hayaondoleani uzito. Abiria hawezi kulaumiwa kwa kutofunga mkanda usiokuwapo, wala mwenye gari hawezi kujitetea kwamba abiria wake hawapendi mikanda na kwa hiyo aliing'oa.

Kwa nini viti vya nyuma

Mkanda wenye ncha tatu, unaopita begani na kiunoni, ulibuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo nchini Uswidi mwaka 1959. Kampuni hiyo iliruhusu watengenezaji wengine wautumie bila malipo. Jimbo la Victoria nchini Australia lilikuwa la kwanza duniani kuwalazimisha watu kuuvaa, mwaka 1970.

Katika nchi nyingi sheria zilianza na viti vya mbele, kisha zikasogea nyuma taratibu. Kenya, kwa upande wa matatu, iliruka hatua hiyo na kutaka mikanda katika viti vyote kwa mara moja. Sababu yake inaeleweka. Katika matatu, watu wengi huketi nyuma, na gari linapogonga, yule wa nyuma asiyejifunga hurushwa mbele na kumponda aliye mbele yake hata kama huyo amejifunga vyema. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kuvaa mkanda kunaweza kupunguza hatari ya kifo kwa walio ndani ya gari kwa hadi asilimia 50.

Hesabu ndogo inaweza kusaidia. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa mijini, likigonga kitu kisichosogea, abiria asiyejifunga huendelea mbele kwa kasi ile ile. Kishindo anachokipata ni sawa na cha mtu aliyeanguka kutoka kimo cha mita kumi hivi, yaani juu ya ghorofa tatu. Kwa kilomita 80 kwa saa, kimo hicho hufika mita 25. Mkazi wa Pipeline au Tassia anayeishi katika jengo la ghorofa nane na aangalie chini kutoka juu ya paa, naye ataelewa kasi ya kidhibiti mwendo ina maana gani.

Ndiyo sababu hoja ya kwamba msongamano wa Barabara ya Jogoo hauruhusu ajali haina mashiko. Ni kweli kwamba asubuhi magari hutambaa. Lakini alfajiri, usiku na mchana wa Jumapili, barabara hiyo pamoja na ya Outering na ya Kangundo huwa wazi, na dereva anayefukuzia abiria wa mwisho hatumii mwendo wa konokono.

Tatizo la karakana

Gari dogo la kibinafsi linaloletwa kutoka Japan huwa tayari na mikanda yake, iliyowekwa kiwandani na kukazwa katika sehemu za mwili wa gari zilizoimarishwa kwa kazi hiyo. Mwenyewe hana la kufanya ila kuitunza.

Hali ya matatu ni tofauti. Gari jingi la aina ya Hiace huingia nchini likiwa la kubebea mizigo, bila viti vya abiria nyuma. Hupelekwa karakana likakatwa madirisha, likawekwa viti, kisha mikanda. Mabasi ya abiria 25 na 33, ambayo ndiyo yametawala njia nyingi za Eastlands, huundwa juu ya chesisi ya lori: fundi huanza na mabomba na mabati hadi gari likakamilika. Kazi hiyo huajiri mamia ya vijana katika karakana za jua kali, na ustadi wao umezaa yale magari ya kuvutia yanayojulikana kama nganya, yenye michoro, runinga na muziki.

Ni hapa ambapo usalama wa mkanda huamuliwa, kabla hata abiria wa kwanza hajapanda. Nguvu ya mkanda haiko katika kitambaa bali mahali uliposhikizwa. Tuchukue abiria wa kilo 70 katika gari linalogonga likiwa na kasi ya kilomita 50 kwa saa, na mkanda ukamsimamisha katika umbali wa nusu mita. Kwa muda huo mfupi mkanda unabeba nguvu sawa na uzito wa takriban tani 1.4, ambao ni uzito wa gari dogo zima. Katika basi la abiria 33 waliojifunga, nguvu hiyo ni zaidi ya tani 40 zinazovuta sakafu kwa pamoja.

Mkanda ulioshikizwa kwenye bomba jembamba la kiti hauwezi kustahimili mvuto huo. Na hata bomba likiwa imara, kiti chenyewe kikiwa kimekazwa kwa skurubu kwenye bati jepesi la sakafu, kitang'oka pamoja na abiria aliyefungwa humo. Mkanda huo utakuwa umemfunga kwenye kiti kinachoruka.

Kwa sababu hiyo, mataifa mengi hufuata kanuni mbili tofauti za Umoja wa Mataifa: Nambari 16 inayohusu mkanda wenyewe, na Nambari 14 inayohusu mahali mkanda unaposhikizwa. Nchini Kenya, KEBS ilitoa kiwango cha KS 372 cha mwaka 2014 kuhusu uundaji wa miili ya magari ya abiria, ili karakana zote zifuate vipimo vinavyojulikana badala ya kila fundi kutegemea mazoea yake.

Ukaguzi

Jukumu la kusimamia haya yote liko kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Gari la uchukuzi wa umma haliwezi kupewa leseni ya kuhudumu bila cheti cha ukaguzi. Wenye matatu wa Nairobi wanakifahamu vyema kituo cha ukaguzi cha Barabara ya Likoni, katika Eneo la Viwanda, umbali mfupi kutoka mitaa ya Eastlands.

Udhaifu wa ukaguzi wa namna hii ni kwamba hufanywa siku moja, nalo gari huwa barabarani siku zilizobaki. Mikanda inaweza kuwapo asubuhi ya ukaguzi na kung'olewa wiki inayofuata ili kuongeza kiti cha ziada kwenye ujia. Aidha, mkaguzi huona mkanda na kifungio chake kwa urahisi, lakini ili aone boliti iliyo chini ya zulia hana budi kuinama.

Kanuni za NTSA za mwaka 2014 zilijaribu kuziba pengo hilo kwa kuwataka wenye matatu wajiunge katika vyama vya ushirika au kampuni zenye magari yasiyopungua 30. Lengo lilikuwa kwamba lawama isimwangukie dereva peke yake, bali chama kizima ambacho leseni yake inaweza kufutwa. Jina la chama huandikwa ubavuni mwa gari, na abiria mwenye malalamiko anaweza kulitaja pamoja na nambari ya usajili.

Fidia mahakamani

Kuna upande wa pili wa mkanda ambao abiria wengi hawaufahamu: pesa za fidia.

Chini ya Sura ya 405, kila gari linapaswa kuwa na bima ya kuwalinda watu wengine, na abiria wa matatu ni miongoni mwa wanaolindwa. Abiria aliyejeruhiwa kwa uzembe wa dereva ana haki ya kudai. Lakini mahakama inaweza kuangalia kama yeye mwenyewe alichangia majeraha yake, na ikiwa ni hivyo, kumpunguzia fidia kwa kiasi hicho.

Kesi inayotajwa sana katika suala hili ni ya Uingereza, ya Froom dhidi ya Butcher, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 1975. Jaji Lord Denning alieleza kwamba uzembe wa kutofunga mkanda hausababishi ajali, lakini husababisha majeraha. Alipendekeza kwamba fidia ipunguzwe kwa asilimia 25 pale ambapo mkanda ungezuia majeraha kabisa, na kwa asilimia 15 pale ambapo ungeyapunguza tu. Maamuzi ya Uingereza hayazifungi mahakama za Kenya, ila mawakili huyatumia kushawishi, na mawakili wa kampuni za bima hawayasahau.

Kwa mkazi anayetegemea kibarua, asilimia 25 ya fidia ni karo ya mtoto au kodi ya nyumba ya miezi mingi. Kwa upande mwingine, ikiwa kiti hakikuwa na mkanda, au mkanda ulikuwa umeharibika, hoja hiyo humgeukia mwenye gari. Abiria au jamaa yake anayekumbuka hali ya mkanda siku ya ajali, na kuieleza polisi mapema wakati wa kuandikisha taarifa, huwa amejitendea wema.

Namna ya kufunga

Mikanda mingi ya viti vya nyuma vya matatu ni ya ncha mbili, yaani ya kiunoni. Mkanda huo unapaswa kulala chini, juu ya mifupa ya nyonga, wala si juu ya tumbo. Ukikaa tumboni, nguvu ya kishindo huishia kwenye matumbo na ini. Mjamzito anapaswa kuupitisha chini ya tumbo. Mkanda usiwe umejisokota, wala usiwe umelegea kiasi cha kupitisha ngumi.

Mtoto anayepakatwa asifungwe pamoja na mzazi kwa mkanda mmoja, kwa sababu gari likigonga, mwili wa mzazi humbana mtoto dhidi ya mkanda. Vilevile watu wawili wasigawane mkanda mmoja, jambo linaloonekana sana jioni utingo anapowaomba abiria "wasongeane kidogo". Ombi hilo lenyewe ni kosa, kwani gari lililosajiliwa kubeba watu 14 halina mkanda wa mtu wa 15.

Kabla ya kuketi, abiria anaweza kukagua mambo matatu kwa nusu dakika: kama kifungio kinashika na kuachia, kama kitambaa hakijakatika kingo zake, na kama kiti hakitikisiki kikivutwa. Kiti kinachotikisika ni hatari hata kikiwa na mkanda mpya.

Sauti ya abiria

Polisi wa trafiki hawawezi kuwa ndani ya kila matatu, na mazoea ya kitu kidogo barabarani yamedhoofisha faini nyingi. Nguvu iliyobaki ni ya abiria mwenyewe, na kuna ushahidi kwamba nguvu hiyo si ndogo.

Mnamo 2008 watafiti James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walifanya jaribio katika matatu zaidi ya 1,000 za masafa marefu nchini Kenya. Katika baadhi yake walibandika vibandiko vilivyowahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha vibaya. Katika magari hayo, madai ya bima yalipungua kwa angalau nusu yakilinganishwa na mengine. Jaribio hilo lilizaa kampeni iliyojulikana kama Zusha.

Vibandiko havikuongeza faini wala askari. Viliwapa tu abiria idhini ya kusema jambo ambalo kila mmoja wao alikuwa akiliwaza. Kwa mikanda, abiria wa njia ya 58 ya Buruburu au ya 9 ya Eastleigh ana nafasi hiyo kila asubuhi: kuuliza mkanda uko wapi, kukataa kiti kisicho nao, au kupanda gari linalofuata. Utingo anayepoteza abiria watatu kwa sababu ya mikanda michafu atamfikishia mwenye gari ujumbe huo kabla ya mkaguzi yeyote.

Takwimu za NTSA zinaonyesha kwamba zaidi ya watu 4,000 walifariki katika barabara za Kenya kwa kila mmoja wa miaka ya 2022, 2023 na 2024. Wengi wao walikuwa wapita njia na waendeshaji wa pikipiki, ambao mkanda hauwezi kuwasaidia. Lakini mamia walikuwa ndani ya magari, katika viti ambavyo tangu Februari 2004 sheria imetaka viwe na mikanda.